Kufanya Kazi Vema na Mtengenezaji wa Tovuti: Mwongozo kwa Mlaji

Mlaji anayenunua meza kwa seremala huiona, huigusa, huilipia na kuondoka nayo. Anayeagiza tovuti hununua kitu ambacho bado hakipo, ambacho hawezi kukipima kwa mkono, na ambacho kitaendelea kuhitaji matunzo na malipo kila mwaka baada ya kazi kukamilika. Kwa sababu hiyo, kumwajiri mtengenezaji wa tovuti ni kuanza uhusiano wa muda mrefu. Uhusiano huo ukianza vibaya, hasara yake huonekana baadaye, wakati wateja wamekwisha kuizoea anwani yako na fedha zimekwisha kulipwa.

Mwongozo huu tumewaandikia wenye biashara ndogo, vikundi vya uzalishaji, shule, vyama na watu binafsi wanaotaka kutengenezewa tovuti. Hatukusudii kumfanya mlaji amshuku kila fundi. Wengi wao ni wajuzi na waaminifu. Tunachotaka kieleweke ni kwamba ugomvi katika kazi hii mara nyingi huzaliwa na mambo ambayo hayakusemwa mapema: nani anamiliki nini, nani alipaswa kuleta nini, na nini kingefuata kazi ikiisha. Mambo hayo yakisemwa na kuandikwa mwanzoni, pande zote mbili hufanya kazi kwa amani.

Elewa vitu vinne unavyolipia

Watu husema “nimetengenezewa tovuti” kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa kweli ni vitu vinne, na kila kimoja kina gharama yake.

Cha kwanza ni jina la kikoa, yaani anwani anayoiandika mtu ili kufika kwenye tovuti yako. Jina halinunuliwi likawa la mtu milele. Husajiliwa kwa kipindi, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi, na sharti lihuishwe kwa ada kabla kipindi hicho hakijaisha. Majina yanayoishia kwa .tz ni ya Tanzania: .co.tz hutumiwa na wafanyabiashara, .or.tz na asasi zisizo za kibiashara, na .sc.tz na shule. Majina mengine, kama yale ya .com, hayafungamani na nchi yoyote. Yote hupatikana kupitia kampuni ziitwazo wasajili.

Cha pili ni hifadhi, yaani nafasi katika kompyuta iitwayo seva, ambayo iko hewani usiku na mchana, na ambamo kurasa na picha zako hukaa. Nafasi hiyo hukodishwa kwa mwezi au kwa mwaka.

Cha tatu ni kurasa zenyewe: mpangilio, rangi, maandishi, picha na programu inayoziendesha.

Cha nne ni matunzo: kusasisha programu, kutunza nakala za akiba, kurekebisha kinachoharibika na kubadilisha bei au picha zilizopitwa na wakati.

Ukifananisha na nyumba, jina ni anwani ambayo wageni hukujia, hifadhi ni kiwanja unachokikodi, kurasa ni jengo, na matunzo ni ukarabati. Mtu mmoja anaweza kukupatia vyote vinne, au vikatoka kwa watu wanne tofauti. Kwa hiyo fundi anapokutajia bei moja, mwombe aigawe: kiasi gani ni cha jina, kiasi gani cha hifadhi, kiasi gani cha kutengeneza, na kiasi gani cha matunzo. Kisha muulize swali ambalo wengi husahau: mwaka ujao nitalipa nini, kwa nani, na lini?

Mgawanyo huo hukuwezesha pia kutambua malipo yasiyo na msingi. Kwa mfano, tovuti nyingi huendeshwa kwa WordPress, programu huria iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, ambayo yenyewe haiuzwi. Unachomlipa fundi ni ujuzi na muda wake. Vilevile, cheti cha usalama kinachofanya anwani ya tovuti ianze kwa “https” kinaweza kupatikana bila malipo kupitia huduma kama Let’s Encrypt. Vipo vyeti vya kulipia, na vipo violezo na programu-jalizi ambazo leseni zake hulipiwa kila mwaka. Fundi anayetaka uvilipie na akueleze sababu, na leseni iandikwe kwa jina lako.

Kabla ya kumchagua

Kaa kwanza na wenzako mwandike, kwa maneno yenu ya kawaida, tovuti itafanya kazi gani. Usianze na rangi. Anza na mgeni wa tovuti: ni nani, ametoka wapi, na anataka kufanya nini? Mwenye duka la vipuri anataka mteja ajue bei na mahali duka lilipo. Shule inataka mzazi apate fomu ya kujiunga na tarehe za mihula. Ukiweza kutaja mambo matatu ambayo mgeni lazima aweze kuyafanya, umempa fundi msingi wa kazi, na umejipatia kipimo cha kuikagua.

Pili, tazama kazi alizokwisha kufanya, na uzitazame kwa simu, kwa kuwa wageni wako wengi watakuja kwa simu. Angalia kama kurasa zinafunguka haraka kwa kifurushi cha kawaida cha intaneti. Picha moja iliyopigwa kwa simu janja inaweza kuwa na megabaiti 4. Ukurasa wenye picha tano za namna hiyo humla mgeni megabaiti 20 kabla hajasoma neno lolote, na wengi hawatasubiri. Fundi hodari huzipunguza picha hizo bila kuziharibu.

Tatu, zungumza na wateja wake wawili au watatu wa zamani. Waulize: alimaliza kwa wakati mliokubaliana? Alipokwisha kulipwa, aliendelea kupokea simu? Nywila za tovuti zinakaa kwa nani? Majibu ya maswali haya hufundisha kuliko picha nzuri za kazi zake.

Tunatoa tahadhari pia kuhusu kazi anayopewa ndugu, rafiki au kijana wa jirani. Si kosa kumpa kazi mtu unayemfahamu, na pengine atakuhurumia kwa bei. Lakini undugu usiwe sababu ya kuacha kuandikiana. Kazi isiyo na maandishi ikiharibika baina ya ndugu, hupotea fedha na hupotea undugu.

Andikianeni

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Taabu yake ni namna ya kuyathibitisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inatambua mikataba iliyofanywa kwa njia ya kielektroniki, na ujumbe wa barua pepe au wa simu unaweza kupokelewa kuwa ushahidi. Hata hivyo, kutafuta ahadi moja ndani ya mamia ya jumbe za miezi sita ni kazi ngumu. Karatasi mbili zilizosainiwa na pande zote zinatosha kwa kazi nyingi ndogo.

Makubaliano hayo yaeleze angalau mambo yafuatayo:

1. Majina na anwani za pande zote mbili, na aina ya kazi.
2. Idadi ya kurasa na mambo ambayo tovuti itaweza kufanya, kwa mfano kupokea maombi ya nafasi au malipo.
3. Nani ataandika maandishi, nani atapiga picha, na katika lugha gani.
4. Tarehe za kila hatua na tarehe ya kukabidhi kazi.
5. Bei kamili, namna ya kulipa, na kama bei hiyo inajumuisha kodi.
6. Marekebisho yatafanywa mara ngapi ndani ya bei hiyo, na yanayozidi yatalipiwa vipi.
7. Jina la kikoa, hifadhi, maandishi, picha na mafaili ya tovuti vitakuwa mali ya nani.
8. Matunzo baada ya kukabidhi: ya muda gani na kwa bei gani.
9. Namna ya kuvunja makubaliano, na nini kitalipwa au kurudishwa.

Kuhusu kipengele cha saba, usidhani kwamba kulipa kunamaanisha kumiliki kila kitu. Nembo, picha na maandishi yanaweza kulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na aliyeyabuni anaweza kuwa na haki juu yake. Andikeni waziwazi kwamba ukimaliza kulipa, haki za kuvitumia, kuvibadilisha na kuvihamishia kwa fundi mwingine zinakuwa zako. Fundi naye atataka haki ya kuonyesha kazi hiyo kwa wateja wengine, nalo ni ombi la haki. Lakini asitumie picha alizozitoa mahali popote kwenye intaneti bila ruhusa ya wenyewe, kwa maana atakayedaiwa ni mwenye tovuti.

Malipo yafuate kazi

Kulipa fedha zote mwanzoni humnyima mlaji nguvu ya kudai kazi. Kukataa kulipa chochote mpaka mwisho humfanya fundi afanye kazi kwa wasiwasi, na pengine aipe nafasi kazi ya mteja mwingine anayelipa. Tunashauri malipo yagawanywe kwa hatua zinazoonekana. Kwa kazi ya shilingi 1,200,000, kwa mfano, mnaweza kukubaliana shilingi 400,000 za kuanzia, 400,000 unapoona na kuridhia mpangilio wa kurasa kuu, na 400,000 za mwisho tovuti ikiwa hewani na funguo zake zote zikiwa mikononi mwako.

Ada za jina la kikoa na hifadhi ni vema uzilipe mwenyewe kwa msajili na kwa mtoa hifadhi, au umpe fundi fedha hizo kando na malipo ya kazi yake, akuletee stakabadhi. Dai risiti kwa kila malipo, na uitunze pamoja na makubaliano.

Kazi ikifika hatua mliyokubaliana, lipa siku hiyo. Fundi anayelipwa kwa wakati hupokea simu kwa moyo mweupe.

Wajibu wako wewe mteja

Malalamiko ya ucheleweshaji yana pande mbili. Fundi hawezi kujaza ukurasa wa bidhaa ambazo hajapewa orodha yake, wala ukurasa wa walimu ambao picha zao hazijapigwa. Mteja husema “nitakutumia kesho”, kesho ikawa mwezi, kisha akalalamika kwamba tovuti haijaisha. Kabla ya tarehe ya kuanza, kusanya maandishi, bei, picha, namba za simu, saa za kazi na ramani ya mahali ulipo, uyaweke pamoja. Ukishindwa kuandika mwenyewe, sema mapema ili kazi ya kuandika ihesabiwe na kulipiwa.

Wajibu wa pili ni kuteua msemaji mmoja. Katika vikundi na shule, fundi hujikuta akipokea agizo la mwenyekiti asubuhi, la katibu mchana na la mweka hazina jioni, na yote matatu yanapingana. Jadilianeni ninyi kwanza, kisha mtu mmoja apeleke uamuzi. Fundi naye aelezwe kwamba agizo lisilotoka kwa msemaji huyo si agizo.

Wajibu wa tatu ni kujibu. Fundi akikuonyesha kazi na kuomba maoni, siku zinazopita bila jibu ni siku za kazi yako zinazopotea. Wekeni muda, tuseme siku tano, ambao ndani yake kila upande lazima ujibu.

Kusahihishana bila kugombana

Neno “sijaipenda” halimsaidii fundi. Hajui kama tatizo ni rangi, maandishi, picha au mpangilio, naye atabahatisha mpaka nyote mchoke. Eleza tatizo lenyewe, na linamhusu nani. Badala ya kusema “ongeza ukubwa wa namba ya simu”, sema: “Wateja wangu wengi ni watu wazima wanaopenda kupiga simu kuliko kuandika, nataka waione namba mara tu wanapofika.” Pengine fundi ataikuza namba, au ataiweka juu ya kila ukurasa na kuifanya ipige mtu anapoigusa. Ukimpa tatizo, anatumia ujuzi unaomlipia. Ukimpa amri tupu, umemgeuza kuwa mkono tu.

Kusanya maoni yako yote na uyatume kwa mara moja, kwa maandishi, ukiyapa namba. Maoni yanayotumwa moja moja usiku na mchana, mengine kwa sauti na mengine kwa picha, hupotea, na kila mmoja hukumbuka lake. Fundi naye ajibu kwa kufuata namba hizo: hili nimelifanya, hili haliwezekani kwa sababu hii, hili ni kazi mpya na gharama yake ni hii.

Jifunze kutofautisha marekebisho na kazi mpya. Kubadilisha picha au kusahihisha jina lililokosewa ni marekebisho. Kuongeza duka la mtandaoni kwenye tovuti iliyokubaliwa kuwa ya kurasa tano ni kazi mpya, inayostahili bei yake na tarehe yake. Andikianeni nyongeza hiyo kabla haijaanza, hata kwa mistari mitatu.

Jina na funguo viwe mikononi mwako

Katika mambo yote tunayoyaeleza humu, hili ndilo ambalo likikosewa hasara yake ni ngumu kuirudisha. Tuchukue mfano wa kufikirika wa mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo. Fundi wake alimsajilia jina la kikoa. Kwa kurahisisha mambo, alitumia jina lake mwenyewe, barua pepe yake na akaunti yake kwa msajili. Tovuti ikawa nzuri, wageni wakaja. Miaka miwili baadaye fundi alipata ajira mkoa mwingine, akabadilisha namba ya simu, na barua pepe ile akaacha kuifungua. Msajili alituma taarifa za kuhuisha jina, lakini zilikwenda kwenye barua pepe isiyosomwa na mtu. Kipindi kikaisha. Asubuhi moja ya mwezi Julai, wakati wageni wanatafuta vyumba, tovuti haikufunguka, na barua pepe za biashara zilizotumia jina lilelile zikaacha kupokelewa.

Zingatia kwamba katika mfano huu hakuna aliyeiba wala kudanganya. Fundi alifanya kazi yake vema. Lakini mbele ya msajili, mwenye jina ni yule aliyeandikwa, na mwenye nyumba ya wageni hakuandikwa popote. Alikuwa na risiti za kumlipa fundi, lakini hakuwa na chochote cha kumwonyesha msajili. Jina lisipohuishwa, baada ya muda hufunguliwa na mtu mwingine yeyote anaweza kulisajili. Kwa majina ya .com kipo kipindi cha siku 30 cha kulikomboa jina lililofutwa, lakini ada ya kulikomboa huwa kubwa kuliko ya kulihuisha, na anayeweza kulikomboa ni mwenye akaunti.

Kwa hiyo tunamshauri kila mlaji afanye mambo manne. Jina lisajiliwe kwa jina lako au la taasisi yako. Barua pepe ya mawasiliano iwe yako, nayo isiwe ile inayotumia jina hilohilo la kikoa, kwa sababu jina likikatika nayo hukatika. Akaunti ya msajili na ya hifadhi ziwe zako, na fundi apewe ruhusa ya kuingia kwa ajili ya kazi. Tarehe ya kuhuisha iandikwe kwenye kalenda ya ofisi, ukumbusho wake uwe mwezi mmoja kabla.

Ikiwa tovuti yako iko tayari na hujui jina limeandikwa kwa nani, kuuliza si ujinga wala si ugomvi. Mpigie fundi wako wakati bado mnaelewana, umwombe mhamishe usajili kwa jina lako. Fundi mwaminifu ataona ni ombi la kawaida, tena atakuwa ametuliwa mzigo.

Taarifa za wateja wako

Tovuti inayopokea majina, namba za simu au malipo hukusanya taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda. Wajibu huo haukuondoki kwa kusema kwamba tovuti ilitengenezwa na fundi. Muulize: taarifa za wateja zinakaa wapi, nani anaweza kuziona, na zinafutwa lini? Usikusanye usichokihitaji. Fomu ya kuuliza nafasi ya chumba haina haja ya namba ya kitambulisho cha taifa.

Usimpe fundi nywila unayoitumia kwenye benki au barua pepe yako binafsi. Mfungulie akaunti yake ndani ya tovuti, na kazi ikiisha, ifunge au ubadilishe nywila. Jambo hilo humlinda naye, kwani likitokea tatizo baadaye hatashukiwa.

Makabidhiano na matunzo

Siku ya makabidhiano isiwe siku ya kupokea ujumbe kwamba “tovuti iko hewani”. Kaeni pamoja, ana kwa ana au kwa simu, mpitie kila ukurasa. Jaza fomu kama mgeni, uone kama ujumbe unafika. Bonyeza kila kiungo. Fungua kwa simu ya bei nafuu na kwa kompyuta. Soma majina, bei na namba za simu kwa sauti. Kisha upokee nywila zote, nakala ya akiba ya tovuti nzima, mafaili asilia ya nembo, orodha ya leseni na tarehe zake, na maelezo mafupi ya namna ya kubadilisha maandishi na picha. Jaribu mwenyewe kubadilisha sentensi moja mbele yake. Ukishindwa, ni afadhali ushindwe akiwa hapo.

Kuhusu matunzo, kubalianeni nini kinafanyika kila mwezi. Programu isiyosasishwa huacha mianya ya wahalifu wa mtandao, na tovuti isiyo na nakala ya akiba ikiharibika hujengwa upya kwa gharama mpya. Nakala moja ikae mahali tofauti na seva ya tovuti, na mara moja moja fundi aonyeshe kwamba inaweza kurejeshwa.

Mkikosana

Kosa likitokea, anza kwa mazungumzo, ukishika makubaliano mkononi. Taja kipengele kilichovunjwa, eleza unachotaka kifanyike, na upe tarehe. Yakishindikana kwa mdomo, andika barua au barua pepe yenye mambo hayohayo, ukiambatanisha risiti. Usitangaze ugomvi mitandaoni wakati bado unahitaji nywila kutoka kwake, wala usimzuilie malipo ya kazi aliyoifanya kwa sababu ya kazi nyingine ambayo bado mnabishania. Fundi naye hana haki ya kuifunga tovuti ya mteja bila taarifa ili kumshinikiza, ila kama mlikubaliana hivyo kwa maandishi.

Pasipopatikana suluhu, mtafuteni mtu ambaye nyote mnamheshimu awasikilize. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza vitendo vya kupotosha na kudanganya katika biashara, na mlaji aliyetapeliwa anaweza kupeleka lalamiko lake kwa Tume ya Ushindani. Madai ya kuvunjwa kwa mkataba husikilizwa na mahakama yenye mamlaka. Popote utakapokwenda, jambo la kwanza utakaloulizwa ni ushahidi, nao ni yale maandishi, risiti na jumbe ulizozitunza.

Mnapoachana kwa heri, achaneni kwa utaratibu: malipo yakamilike, nywila zibadilishwe, na kila upande ubaki na nakala ya makabidhiano. Fundi mpya atahitaji maelezo kutoka kwa wa zamani, na mtu aliyeagwa vizuri huyatoa bila kinyongo.

Maswali ya kujiuliza kabla hujasaini

• Je, nimeandika mambo matatu ambayo mgeni wa tovuti lazima aweze kuyafanya?
• Je, nimezungumza na wateja wa zamani wa fundi huyu?
• Je, najua nitalipa kiasi gani mwaka ujao, na kwa nani?
• Je, jina la kikoa litasajiliwa kwa jina langu na kwa barua pepe ninayoisoma?
• Je, akaunti za msajili na za hifadhi zitakuwa zangu?
• Je, malipo yamegawanywa kwa hatua zinazoonekana?
• Je, tumeandika marekebisho yatafanywa mara ngapi na kazi mpya italipiwaje?
• Je, maandishi na picha zangu ziko tayari, na nani ni msemaji wetu?
• Je, taarifa za wateja wangu zitakaa wapi, na nani ataziona?
• Je, tumeandika nini kitakabidhiwa siku ya mwisho?

Ukikosa jibu la swali lolote kati ya haya, mwulize fundi kabla hujalipa fedha za kuanzia, na uandike jibu lake ndani ya makubaliano.